Mawe sita niliyoweka nisipotee kwenye milima ya Matrah

Wakuu, heshima kwenu wote, wa bara na wa visiwani.

Juzi kuna member aliuliza humu namna ya kuzunguka Muscat kwa miguu, vichochoroni na milimani, bila kupotea. Watu wakamjibu mambo ya ramani na simu. Nilianza kucheka, halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Nalieleza kama lilivyokuwa. Binamu yangu Wakio yumo humu jukwaani kwa jina ambalo sitalitaja, na siku hiyo alikuwepo. Nikiongeza hata nukta ataniumbua hapa hapa.

Kiswahili changu ni cha Kenya, tena cha Taita, kwa hiyo watu wa Unguja mnivumilie.

Nilifika Muscat mwaka 1996, fundi wa AC. Tulilala Ruwi, nyuma ya stendi ya mabasi, watu sita chumba kimoja. Ijumaa ilikuwa off, na mimi si mtu wa kulala mchana. Ningekaa chumbani na wale jamaa na karata zao ningerukwa na akili.

Basi nikawa natembea.

Siri yangu ya vichochoro ilikuwa hii. Njia nyingi hazikuwa na majina, na zile zenye majina sikuweza kuyasoma. Kwa hiyo mimi nilisoma AC. Ile yenye mbavu zilizopinda, kata kushoto. Ile inayodondosha maji kwenye kopo la samli, kulia. Ile inayonguruma kama mzee mwenye kikohozi, umepita, rudi nyuma.

Matrah vichochoro vinabanana hadi mkikutana wawili lazima mmoja ageuke ubavu. Hata huko sikupotea. Nusu ya zile mashine nilizifungua kwa mikono yangu. Kiburi kikaniingia, sitaki kuwadanganya. Nikawa nawaambia wenzangu kwamba Muscat yote iko kichwani mwangu.

Sasa, nyumba ya mwisho kabisa nyuma ya Matrah, pale mji unapoishia na mlima unaanza, alikaa mama mmoja nitakayemwita Bi Zuwena. Mwomani, ila alizaliwa Unguja, na alirudi kwao akiwa msichana mkubwa. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, ulimi wake mkali. Mara ya kwanza nilipomtengenezea AC alinisimamia saa mbili nzima, kisha akasema, "Haya, inapoza. Lakini wewe fundi unapiga nyundo kama una ugomvi na mtu."

Tulizoeana. Alikuwa na mazoea ya kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, uso umeelekea mlimani. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Siku moja nikamuuliza anaangalia nini huko.

"Naangalia tu. Huko juu nna mtu wangu."

Nikadhani ana jamaa anayechunga mbuzi. Sikuuliza zaidi. Hilo lishikeni.

Bi Zuwena alipotaka msichana wa kazi, nikampeleka kwake Wakio, mtoto wa mama yangu mdogo. Masharti yalikuwa machache. Ijumaa baada ya vyombo vya mchana Wakio yuko huru, ila arudi kabla ya adhana ya magharibi. Msichana aliyemtangulia alitoka Ijumaa moja akapotelea moja kwa moja, Bi Zuwena akahangaishwa ofisi kwa ofisi. Kwa hiyo alimwambia Wakio mbele yangu:

"Mimi sigombi, mwanangu. Siku utakayoingia baada ya adhana, siku hiyo hiyo nakukatia tiketi."

Wakio alijua hatanii. Na Wakio hakuwa na pa kurudi, wakuu. Nyumbani mume alishamfukuza na mtoto, mtoto analelewa na mama mdogo. Ile kazi ndiyo iliyokuwa maisha yao wote watatu.

Mwaka wa pili wa kazi Wakio akaanza kunung'unika. Kwetu Wundanyi ukifungua dirisha unaona vilima hadi unachoka, na hapa yeye ameona jiko na sokoni tu. Akaniomba, "Mwadime, nipandishe ule mlima hata mara moja. Nione bahari nikiwa juu."

Ilikuwa mwezi wa pili 1999, Idi imeisha, hali ya hewa nzuri. Kuna njia ya zamani ya punda inayoanzia Riyam, pale kwenye bustani yenye chetezo kikubwa cheupe, inavuka mgongo wa mlima na kushuka kwenye bonde hadi nyuma ya Matrah, karibu kabisa na mlango wa Bi Zuwena. Siku hizi naambiwa miamba imepigwa alama za rangi. Enzi zile hakukuwa na kitu. Mlima wote ni jiwe la kahawia lililovunjikavunjika, na kila ufa unafanana na njia.

Huko juu hakuna AC za kusoma, kwa hiyo nikaamua nitengeneze alama zangu.

Ijumaa iliyotangulia nilipanda peke yangu kutoka upande wa Matrah. Katikati ya bonde kuna kuta za nyumba zilizobomoka na mfereji mkavu. Kando yake pana uwanja mdogo wa tambarare, na pale palikuwa na mawe bapa mengi yamesimamishwa ardhini, kama mtu aliyeanza uzio akaghairi. Membamba, ya kijivu, saizi ya kitabu kikubwa. Yanaonekana kwa mbali.

Nikasema hapa Mungu amenirahisishia.

Niling'oa sita. Nikayapiga namba kwa marker ya kuandikia nyaya, moja hadi sita, kama ninavyofanya kazini. Namba moja nililirudisha chini nikalisimika nyuma ya nyumba ya Bi Zuwena, penye mwanzo wa njia. La pili, la tatu na la nne nikayaweka kwenye njia panda za bondeni. La tano mahali pa kupandia mgongo, la sita juu kabisa, unapoona barabara ya Riyam chini yako. Nikashuka nikipiga mluzi.

Ijumaa yenyewe nilimchukua Wakio saa saba. Tulipanda kibasi hadi Riyam, tukaanza kupanda ngazi za mawe za ile njia. Alikuwa na raha, nadhani sijawahi kumwona hivyo tangu tukiwa watoto. Juu ya mgongo alisimama akaangalia bahari muda mrefu, akalia kidogo, akacheka.

Jiwe la sita lilikuwepo. Nikamwonyesha kwa majivuno. "Hizi ndizo taa zangu za barabarani."

Tukashuka kidogo, la tano nalo lipo.

La nne halikuwepo.

Nilidhani mbuzi wameliangusha. Nikatafuta chini, hakuna. Hata tundu nililochimba lilikuwa limefukiwa na kusawazishwa. Nikachagua njia ya kushoto, maana nilikuwa na uhakika. Dakika kumi baadaye tukatokea kwenye ule uwanja wa mawe bapa.

Sawa, nikasema, tuko karibu. Kutoka pale tukachukua ufa unaoshuka. Ukateremka vizuri, ukazunguka mwamba, ukapanda kidogo, na tukatokea uwanjani tena, safari hii kwa upande wa juu.

Wakio akaniangalia. "Wacha mchezo, Mwadime."

"Sichezi."

Tukajaribu ufa mwingine. Huu niliuhesabu hatua, nikahakikisha jua liko begani kwangu kulia wakati wote. Kwenye hatua ya mia nne na kitu nikaona kuta zilizobomoka mbele yangu, na yale mawe yamesimama.

Hapo ndipo tulipoanza kusikia ile sauti.

Tk. Kimya. Tk, tk.

Jiwe kwa jiwe. Si jiwe linaloporomoka, hilo mtu wa milimani analijua. Hii ilikuwa sauti ya mtu anayegongea kitu taratibu kikae sawa. Tukisimama, inasimama. Nikaita kwa Kiarabu changu kibovu, "Ya akhi! Ya akhi!" Hakujibu mtu. Hata mbuzi hatukumwona siku ile, na ule mlima siku zote una mbuzi.

Maji yalikuwa yamebaki kidogo tu kwenye chupa. Saa yangu ilisema kumi na nusu, na magharibi ilikuwa saa kumi na mbili kasoro kidogo.

Wakio hakuwa akiangalia saa. Alikuwa amechuchumaa uwanjani.

"Mwadime, kwa nini mengine yako mawili na mengine matatu?"

Sikuwa nimeona. Sasa nikaona. Mawe hayakuwa yamesimama ovyo. Hapa mawili, moja huku na moja kule, urefu wa mtu aliyelala kati yake. Pale matatu, la tatu katikati. Safu baada ya safu, yote yamegeukia upande mmoja.

"Mawili ni mwanamume," Wakio akasema kwa sauti ndogo. "Matatu ni mwanamke. Bi Zuwena aliniambia tukipita pale makaburini mjini. Hawaandiki jina. Ni hayo mawe tu."

Wakuu, mimi natoka kwa watu ambao zamani waliweka mafuvu ya wazee wao kwenye mapango ya mlimani. Babu yangu alinipiga kofi nikiwa mdogo kwa kukaribia tu pango la ukoo. Mtu wa aina hiyo ndiye aliyeng'oa mawe ya makaburi ya watu na kuyaandika namba, kwa sababu hakuona msalaba wala tuta la udongo. Niliona aibu hadi mwili ukapoa.

Halafu Wakio akanyoosha kidole.

Kwenye kaburi la safu ya pili, jiwe la kichwani lilikuwa na namba. Mwandiko wangu. Nne.

Hatua chache mbele, la tatu. Karibu na mfereji, la pili. Yote yamesimikwa wima, imara, na vijiwe vidogo vimebanwa miguuni yasitikisike. Nililigusa moja. Lisingeweza kurudi lenyewe kwa upepo, na mimi sikulirudisha.

Matundu matatu yalikuwa bado wazi.

Nikamshika Wakio mkono. Nilimwambia tusijaribu tena kushuka, turudi juu hadi mgongoni, tuteremke Riyam, tuchukue kibasi. Tukikimbia tutawahi adhana. Alikubali, na kwenda juu njia ilikuwa wazi kabisa, haikutusumbua hata kidogo.

Tulipofika kwenye jiwe la sita saa yangu ilikuwa kumi na dakika hamsini. Chini tuliona barabara, magari, watu bustanini. Nilitaka kupiga magoti kwa furaha.

Wakio aliinama akaling'oa lile jiwe.

"Unafanya nini?"

"La tano nimelichukua wakati tunapita. Unadhani nimebeba nini kwenye mtandio?"

Nilimwambia asiwe mwendawazimu. Nilimkumbusha tiketi. Nilimkumbusha mtoto wake kwa jina, jambo ambalo hadi leo najilaumu. Nikamwahidi nitarudi mwenyewe Ijumaa ijayo.

Alitikisa kichwa. "Wewe shuka. Mimi siwezi kwenda kulala kitandani na kuna mtu nimemwacha bila jiwe lake. Hawana kingine, Mwadime. Hawana hata jina."

Ningemwacha vipi? Nilirudi naye. Nilikuwa nimekasirika na naogopa, na nilimtukana moyoni hatua zote.

Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya miamba tulipofika uwanjani, bonde lote kivuli. Tulisimika la tano kwenye kaburi la mwanamume. Tulisimika la sita. Wakio alibana vijiwe miguuni kama tulivyoona kwa yale mengine, tk, tk, na nilipoisikia ile sauti ikitoka mikononi mwake nilitaka kukimbia.

Likabaki tundu moja. Kaburi la mwisho, peke yake kando ya ukuta. Jiwe la kichwani lipo, la miguuni lipo, la kati halipo. Hilo ndilo nililoliandika namba moja.

Wakio akaweka kiganja chake kwenye lile tundu. Mimi nikavua kofia.

Ndipo tukaisikia tena. Tk. Safari hii mbali kidogo, chini yetu.

Tk.

Tukatazamana. Tukaifuata. Sijui nisemeje zaidi ya hapo. Ilikuwa ikitangulia kama hatua thelathini, tukichelewa inangoja. Ule ufa ulikuwa ule ule tulioupita mwanzo ukaturudisha. Mara hii ulishuka tu, ukashuka, na mwisho nikasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na nikaona ile AC niliyoitengeneza mwenyewe ukutani kwa Bi Zuwena.

Adhana ilikuwa imeshaisha. Tuliisikia yote tukiwa bado bondeni, na Wakio alilia kimya kimya hadi neno la mwisho.

Nilitazama mahali nilipolisimika jiwe la kwanza. Halikuwepo.

Bi Zuwena alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Hajawasha taa. Na jiwe langu lilikuwa mapajani kwake.

"Nani," aliuliza, "kaandika namba kwenye jiwe la kaburi?"

Nilisema ni mimi. Nilieleza yote, nikijikwaa maneno, hadi mawe yaliyorudi yenyewe. Alinisikiliza bila kupepesa macho.

"Wiki nzima naliona kwa mbali, nadhani alama ya wachunga mbuzi. Leo asubuhi nilipotoka kutupa maji ndo nimeliona vizuri," akasema. "Nimekaa nalo mchana kutwa najiuliza la nani. Mmeyarudisha mangapi?"

"Yote isipokuwa hilo," Wakio akajibu. "Limebaki kaburi moja, mama. La mwisho, kando ya ukuta. Limekosa la kati."

Mkono wa Bi Zuwena ulianza kulipapasa lile jiwe, juu, ubavuni, juu tena.

"Huyo bibi yangu," akasema. "Wenzake wote walihamia Unguja, yeye akabaki. Miye niliporudi nilimkuta kaburini. Walinipandisha jabalini wakanambia, ndo huyu, wa mwisho, kando ya ukuta, mawe matatu. Sina picha yake, sina nguo yake. Kila mwaka nikipanda kumsalimia. Tokea haya magoti yaharibike sijapanda, huu mwaka wa pili."

Kisha akalikumbatia lile jiwe kifuani, akalia kwa sauti kama mtoto. Sijawahi kuona mtu mzima analia vile.

Wakio alikuwa bado amesimama nje. Hakuthubutu kuvuka mlango. Akasema, "Mama, nimechelewa. Nimesikia adhana nikiwa huko."

Bi Zuwena akajifuta uso na mtandio.

"Bibi yangu kanijia nyumbani leo," akasema. "Nna mgeni. Simfukuzi mtu. Ingia ndani, mwanangu, ule."

Wakio aliingia. Alikaa katika nyumba ile miaka minane zaidi.

Mimi niliambiwa nirudi Ijumaa. Bi Zuwena alikuwa ameshaisafisha namba yangu kwa limau na mchanga. Nilifunga jiwe kwenye taulo, nikapanda peke yangu, bila alama hata moja, maana aliniapisha. Sikupotea. Nilikuwa nimechukua thinner na kitambaa nifute namba kwenye yale matano. Nilikuta yameshafutwa, na mvua haikunyesha wiki ile.

Nilimuuliza Bi Zuwena mara nyingi ni nani aliyeyarudisha mawe. Alijibu neno moja tu kila mara: "Wenyewe."

Alifariki 2007. Mwanawe alinipigia simu kazini, nikadhani AC imeharibika. Akaniambia mama aliacha maneno kuhusu kaburi lake: la kichwani na la miguuni waweke wanawe, la kati alete yule fundi mwizi wa mawe.

Nililitafuta bondeni asubuhi ile ile, jiwe bapa la kijivu ambalo halikuwa la mtu. Nililibeba hadi mjini kwa mikono, nikawakabidhi kwenye geti la makaburi. Mkristo mimi, nilisimama nje ya ukuta nikawasikiliza wakiligongea likae sawa.

Tk. Tk, tk.

Basi wakuu, ushauri wangu kwa yule member ni mfupi. Vichochoro vya Matrah jifunze kwa chochote unachokijua, hata kama ni AC. Milimani nenda asubuhi, beba maji maradufu, fuata rangi walizopiga siku hizi. Ukikuta jiwe limesimama, ujue kuna aliyelisimamisha. Liache hapo, kisha ukishuka uliza wenyeji ni la nani.

Waliopita ule uwanja kando ya mfereji, niambieni mlisikia nini. Hata kama hamkusikia kitu, andikeni tu. Na Wakio, kama kuna mahali nimekosea, nisahihishe, lakini lile jambo la kukutukana moyoni nimeshalikiri mwenyewe.